Matundu sita: shajara ya kikundi chetu, Ngamiani, Tanga

Jumamosi, 8 Februari 2025

Leo tumekubaliana kuchangisha fedha za kujenga vyoo vya wasichana katika shule ya msingi ya mtaani kwetu. Mimi ni katibu wa kikundi, na nimeombwa niandike kila hatua tunayopiga, nzuri na mbaya, ili aliyechangia akiwa Ngamiani, Makorora au Dar es Salaam asome na ajue hela yake imefika wapi.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ina wasichana 412, kwa hiyo yanatakiwa matundu 21. Yapo 8, na mawili yameziba.

Alhamisi nilikwenda kuyaona wakati wa mapumziko ya saa nne. Mlango wa tundu la tatu umeng'oka bawaba, umeegemezwa ukutani. Mahali pake pametundikwa kanga, imepauka hata jina lake halisomeki. Msichana akiingia, mwenzake anaukanyaga upindo wa chini kwa mguu na kuushika wa pembeni kwa mkono, maana upepo wa kaskazi unaipeperusha. Kengele ililia wasichana kama kumi na watano bado wako kwenye foleni. Wakarudi darasani hivyohivyo. Mimi nilisoma shule ileile, na wakati wetu milango ilikuwepo. Nilisimama nyuma ya ukuta kwa muda kabla sijaweza kwenda kumuaga mwalimu mkuu.

Yeye hawezi kumwambia mtoto alete hela. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 mchango wa kulazimishana umekatazwa, na ni haki, maana tunawakumbuka watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa mia tano. Lakini wananchi wakijipanga kwa hiari yao, wakapitia kamati ya shule na ofisi ya kata, hakuna anayewazuia. Tumepitia kote huko na barua tunazo.

Jambo la pili la leo ni uongozi, nalo naliandika wazi kwa sababu mtaa mzima unalijua. Mwaka jana tulichangia matibabu ya mtoto aliyepelekwa Dar es Salaam. Hela ziliingia kwenye simu ya mwenyekiti wetu wa wakati ule, simu ileile anayopokelea hela zake na za wanawe. Mtoto alitibiwa na amepona. Ila tulipomwomba mzee hesabu, alituonyesha meseji. Nauli, chakula cha mama wa mtoto, makato ya kutolea fedha, vyote vilikuwa vimechanganyika na mambo yake ya nyumbani. Hakula hata senti, mimi nakiri hivyo mpaka leo. Lakini hakuwa na cha kumwonyesha anayeuliza, na maneno ya barazani yakamshinda. Alijiuzulu, na kwa miezi minne hakuna aliyetuchangia kitu.

Mwenyekiti mpya tuliyemchagua ni bibi anayeuza mbaazi na maandazi alfajiri, mtaani wote tunamwita Bibi. Alikubali kwa masharti matatu. Hela yoyote ya kikundi isilale kwa mtu zaidi ya usiku mmoja. Sanduku liwe na kufuli tatu, na wenye funguo wasiwe wa nyumba moja wala ukoo mmoja. Na ubao utundikwe nje ya duka la mweka hazina, uandikwe kila Jumamosi kilichoingia na kilichotoka. Akaongeza: "Na mtu akiuliza asinuniwe. Akiuliza mara ya pili ajibiwe kama mara ya kwanza."

Wanachama 31 tumeanza wenyewe, 20,000 kila mmoja. Jumla 620,000.

Jumanne, 25 Februari

Soko la samaki la Deep Sea, alfajiri. Nilitaka twende wiki mbili zilizopita, Bibi akakataa. Akaniuliza, "Mwanangu, umetazama mbingu?" Ilikuwa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hufuata giza, taa zao ndizo zinazowavuta dagaa, na mwezi ukiwa mpevu mashua zinakaa ufukweni. Ukimwendea mvuvi wakati ule unamwaibisha, maana hana, na hatapenda kukwambia hana. Leo mwezi umekwisha na mashua zimeingia zimejaa.

Bibi hakutoa hotuba. Aliwasalimia wazee wa soko, akawaeleza kwa dakika mbili habari ya ile kanga, akanyamaza. Nahodha mmoja akasema ana mabinti watatu pale shuleni, akasukuma ndoo yake mbele. Wenzake wakafuata. Ndoo saba za dagaa, mnadishaji wa soko akazinadi bila kutudai ushuru wake, 29,000 kila ndoo. Tumeondoka na 203,000, na kabla ya saa tatu mweka hazina alikuwa ameshazipeleka benki.

Jumamosi, 1 Machi

Sanduku la mtaani limefunguliwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Zimemwagwa mkekani, nyingi sarafu za mia na mia mbili, na noti zilizokunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama kucha. Watoto wamehesabu, watu wazima wamerudia kuhesabu. 88,500. Jumla mpaka leo 911,500. Ubao umeandikwa.

Ramadhani imeingia. Tumeamua tusifanye changizo lolote la wazi mwezi huu. Kuna majirani wanaotafuta futari kila jioni, na hatutaki kusimama mlangoni kwa mtu pamoja nao.

Limezuka swali moja zito. Mfanyabiashara mmoja amesema atatupa zaka yake yote, na ni hela nyingi. Wengine wetu tulishaanza kushangilia. Bibi akasema kwanza twende kwa shehe. Shehe akatueleza kwamba zaka ina wenyewe, mafungu manane yaliyotajwa katika Qur'ani, na kwa maoni yake choo cha shule inayotumiwa na kila mtu hakimo. Sadaka ndiyo inayofaa. Tulirudi kwa mfanyabiashara tukamwambia hivyohivyo. Ubaoni nimeandika: "Zaka wapeni wenyewe. Sadaka tunapokea."

Niseme ukweli, roho iliniuma kuiandika.

Jumapili, 6 Aprili

Sikukuu imepita. Ile sadaka tuliyoitaja ubaoni imekuja, 640,000 katika siku za mwisho za mfungo na Idi. Kiasi kikubwa kimetoka kwa mfanyabiashara yuleyule. Zaka aliigawa kwa wajane wa mtaa wake, akatuletea sadaka mbali.

Leo tulikuwa kanisani. Mchungaji alitupa nafasi kwenye mnada wa baada ya ibada, ambapo waumini hununua vitu vilivyoletwa kama sadaka: nazi, mayai, mihogo, mkungu wa ndizi. Kulikuwa na jogoo mwekundu. Wa kwanza alimnunua 15,000 akasema, "Namrudisha, auzwe tena." Wa pili 12,000, akarudishwa. Wa tatu 20,000, akarudishwa. Mama mmoja wa kwaya akamchukua kwa 25,000 na safari hii akaondoka naye kwapani. Jogoo mmoja ametupa 72,000. Mnada wote 318,000.

Bibi, na mtandio wake, alikaa benchi la mbele kuanzia wimbo wa kwanza mpaka mnada ulipokwisha. Wengi walikuwa hawajamwona mwenyekiti wa kikundi akikaa ibada nzima kabla ya kuomba mchango.

Jumla 1,869,500.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya Muungano, harambee uwanjani pa shule. Taslimu 1,250,000. Ahadi 1,900,000.

Mshereheshaji alitaka kutangaza kwamba tumepata milioni tatu na ushee. Mweka hazina akamshika mkono. Ahadi tunaiandika kwenye daftari lake, na haiingii ubaoni mpaka itolewe. Nimeshuhudia harambee nyingi ambazo jumla ilipigiwa makofi na mabati hayakuonekana.

Tunazo 3,119,500 zilizoingia kweli. Mhandisi wa halmashauri ametupa ramani: matundu sita ya kumwagia maji, chumba kimoja cha wasichana kujihifadhi wakiwa kwenye siku zao, na karo la maji taka. Makisio ni kama milioni saba, ikiwa mawe na nguvu kazi vitatoka kwetu.

Jumamosi, 3 Mei

Hasara.

Tulimpa kazi fundi mmoja afyatue tofali za kuanzia. Mifuko 8 ya saruji ya 16,000, lori la mchanga 70,000, na malipo ya awali 60,000. Leo tumekwenda kuzikagua. Zilipangwa vizuri, zinapendeza. Nikainua moja, kona ikabaki mkononi mwangu kama kashata. Tukaangusha nyingine kutoka usawa wa kiuno, ikawa mchanga. Tulipozihesabu zilikuwa 470. Mfuko mmoja wa saruji, kwa tofali za inchi sita, unatoa thelathini na kitu ukitaka zisimame. Huyu amevuta mfuko mmoja mpaka tofali karibu sitini. Simu yake haipokelewi.

Kikao kilikuwa kigumu. Watu wa busara kabisa walisema tusiandike. Ahadi za 1,900,000 bado ziko mikononi mwa watu, na mtu anayetafuta sababu ya kutotoa tutakuwa tumempa. Tuinyamazie, tutafute fundi mwingine, tujazie kimyakimya. Mimi mwenyewe niliunga mkono hoja hiyo, na imo kwenye mhutasari kwa jina langu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza nani aliyemchagua yule fundi. Nikasema tulimchagua sote. "Nani alikwenda kuona kazi yake ya nyuma?" Hakuna. "Nani alisimama pale siku anachanganya?" Hakuna. Akasema, "Basi andika hivyo. Andika hela, na andika kwamba hatukwenda kuangalia. Chini yake weka jina langu."

Kabla ya magharibi ubao ulisomeka: "Hasara ya tofali: saruji 128,000, mchanga 70,000, fundi 60,000. Jumla 258,000. Kamati haikusimamia. Mwenyekiti." Nilipomaliza nilipangusa chaki kwenye gauni bila kujua.

Jumatano, 7 Mei

Tangu Jumamosi watu wanasimama mbele ya ubao. Wengine walitukana, na mweka hazina akawajibu kama tulivyokubaliana. Fundi baiskeli wa barabara inayofuata alikuja mikono ina grisi, akasoma mara mbili, akauliza fundi wa sasa atasimamiwa na nani. Tukamwambia bado hatujui. Akatoa 20,000 ya ahadi yake, akasema tukishajua tumwambie.

Jana usiku alibisha hodi kwangu mwenyekiti wetu wa zamani. Tangu ajiuzulu hakuwahi kukanyaga kikaoni. Kumbe kabla ya kustaafu amefanya kazi za ujenzi reli miaka mingi. Hili nililijua, ila sikuwahi kulifikiria. Hakutaka chai. Alisema, "Nimesoma ubao. Mimi mwaka jana ningepata pa kuandika vile, ningeandika." Akanyamaza kidogo. "Tofali nitasimamia mimi. Hela sitaki kuzigusa."

Nikampigia Bibi simu palepale. Bibi akasema tu, "Mpe shikamoo yangu."

Jumamosi, 10 Mei

Mzee amekaa kwenye kigoda tangu saa kumi na mbili asubuhi, anahesabu makarai ya mchanga kwa kila mfuko kwa vijiti. Tofali 32 kwa mfuko. Zitamwagiliwa maji siku saba chini ya magunia, na vijana wawili wamepangiwa zamu.

Masika imelijaza maji shimo tulilokuwa tumeanza kuchimba. Mhandisi amekuja, amesema karo lisogezwe upande wa juu na lijengwe kina kifupi, lirefushwe kwa upana. Kuchimba kunaanza upya.

Kwa kuwa msingi haujapigwa, Bibi aliomba akutane na wasichana wa darasa la sita na la saba, yeye na mwalimu wa kike tu. Mimi nilikuwapo kuandika tu. Mwanzoni walicheka na kuinamisha vichwa. Halafu mmoja akasema milango kwenye ramani inatazama uwanja wa mpira wa wavulana. Hakuna mtu mzima aliyekuwa ameliona hilo, mhandisi, kamati, wala mimi niliyeishika ramani ile wiki mbili. Mwingine akataka msumari wa kutundikia mkoba, kwa sababu sakafu huwa imelowa. Mwingine akasema komeo liwe chini, wa darasa la kwanza halifikii. Na chumba cha kujihifadhi kisiandikwe jina mlangoni, kwani atakayeingia atajulikana.

Mhandisi amekubali kuligeuza jengo. Haikugharimu chochote.

Jumamosi, 14 Juni

Shule zimefungwa, ujenzi umeanza. Leo ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, na sijawahi kuona watu wengi hivi mtaani bila arusi wala msiba.

Mawe yalikuwa tatizo. Lori la mawe ya Pongwe lilimwaga mzigo barabarani kwa sababu halikuweza kuingia uani. Vijana wa Coastal Union wakajisifu kwamba watayaingiza wao peke yao. Wa African Sports wakawajibu wangoje waone. Wagosi wa Kaya wakachukua ukuta wa kushoto, Wana Kimanumanu wa kulia, kila upande na bendera yake juu ya mti. Kufika saa sita barabara ilikuwa nyeupe. Wazee waliokaa barazani wakaanza kubishana habari za mwaka 1988, Coastal walipochukua ubingwa wa ligi, na mpira ule bado haujaisha nilipoondoka.

Kina mama wamebeba maji ndoo kwa ndoo tangu alfajiri. Dada wa vitumbua amelisha mafundi bure na kakataa tuandike jina lake. Bibi kafunga biashara yake siku mbili. Mbaazi zote zimeliwa hapahapa.

Jamvi la sakafu limemwagwa. Zege limefunikwa.

Jumamosi, 28 Juni

Lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango, imefungwa, kenchi za paa ziko juu. Mabati Jumatatu. Ndugu zetu walioko Dar es Salaam wametuma 1,380,000 kwa namba ya malipo ya kikundi, wengi wakiweka na swali: mlango unatazama wapi sasa, yule fundi kapatikana, Mzee yuko kazini? Nimejibu kila mmoja. Yule fundi hajapatikana. Suala liko kwa mtendaji, na sisi hatutalisema zaidi ya hapo mpaka liishe.

Nimepitia daftari la ahadi. Tangu hasara iandikwe ubaoni, waliolipa ni wengi kuliko wasiolipa. Waliobaki nimewatembelea nyumbani mmoja mmoja, bila orodha mkononi. Mmoja amefiwa na mume mwezi uliopita. Ahadi yake tumeifuta, na kikao kimekubali kwa sauti moja.

Jumamosi, 12 Julai

Shule zimefunguliwa wiki hii na vyoo vinatumika. Hesabu ya kufunga, kama ilivyo ubaoni: mapato 6,912,000, matumizi 6,864,500, pamoja na ile 258,000 ya tofali, salio 47,500. Ahadi ambazo hazijatolewa ni 430,000, na hazimo kwenye hesabu. Risiti zote ziko kwa mweka hazina, na mtu yeyote anaweza kuzikagua Jumamosi kuanzia saa kumi.

Hatukufanya sherehe ya kukata utepe. Mgeni rasmi angehitaji turubai, maji ya chupa na spika, na salio ni 47,500. Badala yake mwalimu mkuu aliwaita wanafunzi mstarini, Mzee akawaonyesha jinsi ya kumwaga maji na komeo linavyofungwa. Msichana wa darasa la kwanza aliitwa ajaribu komeo. Alilifikia kwa vidole, akafunga, akafungua, akafunga tena, na mle ndani akakaa muda, tunamsubiri nje sote.

Bado. Tangi la maji hatuna, maji yanabebwa kwa ndoo kutoka bombani kwa kamati ya shule. Yale matundu mawili yaliyoziba hayajazibuliwa. Tukijumlisha yanayofanya kazi yote ni 12, na yanatakiwa 21. Mlango wa tundu la tatu umefungwa bawaba mpya kwa mabaki ya mbao.

Leo asubuhi nilipokwenda kuandika hesabu nilikuta mtu ameniwahi. Chini kabisa ya ubao, mahali mtoto anapofika, kwa mkaa: "Na sisi wavulana?"

Mweka hazina alikuwa ameshashika kitambaa. Bibi alikuwa anapita na sufuria yake ya mbaazi kichwani, akasimama, akasoma, akasema pasifutwe.

Jumatatu nakwenda kuwahesabu.